Karafuu ya Arubaini

Wete, umeme umekatika tangu alasiri,
nami nakutafutia keki.

Dukani kwa Haroub niliuliza mishumaa midogo,
ile ya rangi rangi, ya kupulizwa.
Akanitolea mmoja, mnene kama mguu wa kiti:
"Huu ukiupuliza hauzimiki, unakucheka."
Nikaulizia nyanya. Akaniangalia kwa huruma:
"Nyanya yako yuko kwenu, Mwandoe. Hapa tuna tungule."
Mwaka wa tatu huu, na bado najikwaa
katika lugha niliyokuja nayo.

Mkate wa kumimina niliupata Limbani,
ungali moto, umefungwa gazetini,
nikaupakia kwenye baiskeli kama mtoto wa watu.
Lakini mishumaa thelathini na tisa ningeitoa wapi?
Ndipo nikaliona jamvi la Bi Mgeni
(Mgeni ni jina tu, kazaliwa hapahapa;
wageni ni mimi na wewe),
karafuu zimekauka, kila moja na kichwa chake
kama njiti za kiberiti.
Nikachutama. Nikahesabu. Thelathini na nane, na tisa,
na moja ya akiba, isije nyingine ikavunjika…
"Za mwizi arubaini!" ikatoka dirishani.
Sikuwa na pa kuficha kiganja.
Nikasema kweli: mke wangu leo kazaliwa.
"Leo? Mbona jana nilimwona mtu mzima?"
Akacheka mpaka ushungi ukamteleza,
akaniachia zote, pamoja na ile ya ushahidi.

Ukaingia na chaki kwenye nyusi
na mkoba wa madaftari yasiyosahihishwa,
ukakuta giza, mguu wa kiti unawaka,
na mkate umeota miiba.
"Nungunungu huyu wa nani?"
"Wako. Ana miaka yako."

Mamako akapiga simu kutoka Wundanyi.
Huko baridi, alisema, ukungu umeshuka mpaka mlangoni,
na je, mnakula vizuri?
Ukamjibu: tunakula nungunungu.
Ulipokata simu ulikaa kimya kidogo,
ukajifuta uso kwa ncha ya leso,
ukasema ni moshi wa mshumaa.

Hapo nikachomoa karatasi mfukoni.
Huku kila mtu hutunga. Nikasema, nami nitunge:

    Mkawasi wa milima, umeshuka kisiwani,
    Wafunza wana kupima, nami bado darasani,
    Nakupa mkate mwema, karafuu kichwani,
    Zidi kuishi salama, nizeeke ubavuni.

Mwalimu wa hesabu hapigi makofi, anahesabu.
Vidole juu ya meza, midomo inachezacheza.
"Mstari wa tatu una kumi na tano."
"Haiwezekani."
"Kumi na tano, Mwandoe. Mizani moja umeiacha wapi?"
"Labda Voi, tulipobadilisha basi."
Hukucheka. Au ulicheka, sikuona, giza.

Ukahamia kwenye mkate,
kidole kinaruka kichwa baada ya kichwa.
"Na hizi ni arubaini. Mimi nina thelathini na tisa,
usinizeeshe bure.
Huku imezidi moja, kule imepungua moja."
Ukaing'oa ya katikati, ukanitia mdomoni:
"Karafuu *zi* kichwani. Haya, rudia."

Nikatafuna. Ulimi ukafa ganzi.
"Karafuu…" nikaanza,
na zi yangu ikatoka thi.
Nikajaribu tena: thi.
Nikaiapia, nikaibembeleza: thi,
nawe umejikunja juu ya madaftari ya watoto wa watu,
unacheka, machozi ya moshi yanakutoka,
unajaribu kuupuliza mshumaa ule wa Haroub,
na wenyewe, kama alivyosema,
unatucheka.